Nilidhani Ni Wakwe

Mwaka ule nikiwa mwanafunzi tulikula makoma, matunda ya mkoma, hadi meno yakawa kahawia. Juzi, shuleni kwa mjukuu wangu hapa Kakuma, niliona walimu wakinywa chai wamepeana migongo, nikakumbuka alasiri moja ya Lodwar.

Mwalimu wetu, mama mrefu, alikaa nje akinuka chaki na jasho. Yeye na mwalimu mkuu walisemeshana kupitia kwangu tu. Kwetu mtu hasemi na mkwewe ana kwa ana, basi nikadhani ni wakwe. Kumbe Kiingereza alichofokewa na mkuu asubuhi mbele yetu kilikuwa matusi.

"Wewe msichana, mwambie arudi darasani ama aende kwao!" mkuu alinituma.

Nilirudi nikihema, nikamtolea mkuu jibu la mwalimu neno kwa neno: "Sirudi, na kwetu siendi. Aje mwenyewe, aniombe msamaha mbele ya watoto hawa."