Tanki Lililorudi Kavu

Siku ya kwanza kazini nilipewa mdomo wa mpira mnene nikaambiwa nisiuachie hata nikitapika. Nikatapika, sikuuachia. Ndivyo nilivyoingia kazi ya kutapisha vyoo vya meli pale Mwanza, mimi mtoto wa mkulima wa pamba wa Bariadi, darasa la nne, mbeba marobota niliyepunguzwa kazi jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Wenzangu tuliopunguzwa pamoja walikimbilia kuuza mitumba. Mimi niliona mitumba kila mtu anaiweza, kinyesi wanakikimbia wote, basi hapo ndipo penye nafasi yangu.

Ninyi vijana msidhani choo cha meli kinamwaga tu ziwani. Chini ya sitaha pana tanki la chuma. Meli ikifunga gati tunaunga mpira kwenye koki ya tanki, tunavuta kwa pampu ya mkono hadi kwenye shimo la nchi kavu, kisha tunafunika kwa chokaa ili kukata harufu na nzi. Huko ndiko kutapisha. Fundi Mkuu aliyenifundisha alikuwa mzee mkali, hakuamini kipimo chochote. Yeye aligonga tanki kwa spana na kutega sikio. Tanki lililojaa linaitika kama mtu mwenye mafua, tupu linalia kama debe.

Miaka ya ruksa ya biashara huria ilipokolea, kila mwenye ng'ombe wa kuuza alitaka boti lake. Mialo midogo, yaani bandari ndogo za ziwani, ikajaa abiria na mizigo kuliko ilivyozoea. Nikahamishiwa mwalo mmoja upande wa Lamadi, kwenye mwambao huu ambao sasa umo katika mkoa wetu wa Simiyu. Nilifurahi sana, maana kijijini hapo ndipo nilipooa.

Mkuu wa Mwalo alikuwa Mzaramo, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Siku naripoti alinitazama toka juu mpaka chini.

"Nimeomba fundi, wameniletea Msukuma. Haya, ng'ombe wako umewafunga wapi?"

Nikamjibu kwamba nimewaacha nyumbani, nilisikia mwalo huu una Mzaramo. Tukapendana saa hiyo hiyo. Asiyejua utani wa makabila yetu angedhani tumetukanana.

Boti kubwa la pale lilikuwa la Sefu, mfanyabiashara wa Somanda aliyeuza maduka yake ili alinunue. Lilipeleka mchele na abiria Mwanza, na halikuwa na choo. Watu walijisaidia ubavuni mwa boti likikaribia gati, na kina mama wakachota maji ya kunywa pale pale. Kipindupindu kikaingia. Bwana Afya, yaani afisa aliyekuwa akipima maji yetu, akajaza chupa zake, akaagiza boti liwekwe choo chenye tanki. Akasema msimu wa pamba ukiisha atapima tena, na akikuta maji bado machafu, boti lile halitafunga gati pale milele. Sefu alikaa chini mchangani kama mtoto. Kwake huko kulikuwa kufilisika. Kwa kijiji, mchele ungeozea ndani. Kwangu, ni kurudi kutafuta marobota ambayo hayakuwapo.

Mkuu alisimamia choo mwenyewe: chumba cha mbao, mlango wenye komeo, tanki chini yake. Kazi nzuri, naisifu mpaka leo. Boti likifunga, mimi navaa mabuti yangu, nasimama gatini mbele ya umati, naunga mpira. Nilitaka kila mtu ajue mwenye kazi hii ni nani.

Lakini tanki likawa linarudi kavu. Nikaligonga, debe tupu. Nikadhani limetoboka, nikaingia chini kwa tochi, nikalijaza maji. Halikuvuja hata tone. Mkuu akaacha utani, na hapo ndipo nilipoumia. Akasema nahodha anamwaga njiani na mimi najua. Nahodha akakana. Alichokubali ni kwamba abiria humwomba asimame kwenye matete kabla ya kufika. Wanawake hushuka, wanaume nao hufuata, kisha wote hupanda tena. Kwa nini wanakiacha choo, hakujua. Na maji ya matete yale yanateremkia moja kwa moja mwaloni. Mkuu akampiga marufuku kusimama.

Safari iliyofuata boti lilimleta mama mkwe wangu kutoka Mwanza. Akashuka amejikunja, akapita mbio kuelekea nyumbani kwangu. Kumuuliza siwezi, kwetu mtu na mama mkwe wake hata usoni hawatazamani. Baadaye mke wangu akatoka nje, hajui acheke au alie.

"Baba Kulwa, mama anasema bora afe. Akikaa kwenye kile choo, wewe mkwe wake ndiye unayekuja kuchota."

"Ni yeye mmoja tu."

"Mmoja? Umeoa kijiji kizima wewe. Shangazi zangu, mama zangu wadogo, wake za kaka zangu. Nani akakae pale?"

Nikampelekea Mkuu habari hiyo nikitegemea acheke. Hakucheka. Akaniuliza msibani kwetu kazi inayowashinda ndugu hufanywa na nani. Nikamwambia, na mtani.

"Basi vua mabuti."

Nikamwambia mkubwa hashiki mpira, tena hajui kitu, atajimwagia.

"Vua, Msukuma. Mimi hapa sina mkwe, na kwa sura hii hakuna atakayenipa binti."

Mabuti yalimfika mapajani. Boti lilipofunga, Mkuu wa Mwalo akasimama gatini akatangaza kwamba tangu leo mzigo wa wakwe wa Msukuma anaubeba Mzaramo, na mwenye haya aionee haya pua ya Mzaramo huyo. Kina mama walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilihamia shimoni, nyuma ya uzio wa matete, na chokaa yangu, nikimwelekeza kwa mluzi. Mara ya kwanza alifungua koki kabla hajaunga mpira. Sitaeleza zaidi, ameshafariki, nami nilimpenda.

Safari baada ya safari tanki likaja zito. Msimu ulipoisha Bwana Afya akapima, majibu yakarudi: boti liendelee kufunga. Sefu akachinja beberu. Siku hiyo mama mkwe wangu alishuka na wenzake, akamwamkia Mkuu kwa Kisukuma, kwa sauti, "Mwangaluka, mtani," kisha akanipita mimi, kanga usoni, kama vile mimi ni nguzo ya gati. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile.

Mkuu alipohamishwa, nilibadilishana na mtapishaji wa mwalo wa jirani. Yeye akatapisha kwetu, mimi kwao.

Sasa nimestaafu, naishi Somanda. Vijana wana magari ya kunyonya majitaka, pampu inanguruma yenyewe, na wanafanya vizuri. Mimi nimesomesha watoto kwa kinyesi na sioni haya kuliandika hilo. Hao vijana wakija kuniuliza siri ya kazi, wanategemea habari za koki na chokaa. Hayo watayajua tu. Mimi kwanza namuuliza kijana ameoa wapi.