Kompyuta Iliyonyamaza

Makarani wa baraza la ardhi walimwita Masikio, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa ya masikio kweli. Alipewa sauti zilizorekodiwa barazani, akazisikiliza nyumbani na kuzichapa neno kwa neno. Macho yake yaliondoka na surua akiwa na miaka minne. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kumsomea kila kilichoandikwa kwenye kioo, kwa sauti ya mwanamke mwenye haraka zake, na kwa sauti hiyo alisoma, aliandika, na alisaidiana na mkewe muuguzi kuendesha nyumba.

Ijumaa moja mchana sauti ilimwambia diski imejaa. Mashine aliinunua ikiwa imetumika, na alijua mmiliki wake wa kwanza aliacha ndani yake kipande kikubwa cha diski kisicho na kazi. Akaamua kukifuta. Akaita orodha ya vipande, na sauti ilipokuwa katikati ya kumsomea, simu ikaita. Alikuwa karani wa baraza.

"Masikio, ile kesi ya mjane na shemeji zake naitaka Jumatatu saa tatu. Sitaki hadithi."

"Utaipata, mkuu."

Alipokata simu, vidole vyake vilichapa moja badala ya nne. Kompyuta ikakataa kukifuta kipande hicho. Akailazimisha, ikatii. Nafasi akasema ataipanga kesho, akaendelea na kazi hadi saa kumi na moja jioni, kisha akaizima kama siku zote.

Jumamosi asubuhi aliiwasha. Feni ikavuma, ikatulia. Hakuna sauti. Akazima, akawasha. Akazima tena, akahesabu hadi thelathini, akawasha. Kimya. Anayeona angeletewa walau maneno mawili ya kumwambia kuna nini. Yeye aliletewa kimya tu, na ndani ya kimya hicho akakumbuka kidole chake. Moja. Kipande namba moja kilikuwa kidogo, cha megabaiti mia tu, lakini ndicho kilichobeba faili za kuiamsha mashine.

Kurasa themanini na sita zilikuwa mle, wiki tatu za kazi, na hakuwa na nakala popote. Rekodi zenyewe zilikuwa mle mle, maana kifaa cha baraza kilisharudi na kufutwa. Yule mjane alikuwa amesimama mbele ya baraza akaeleza kila mpaka wa shamba lake, jiwe kwa jiwe, na sasa maneno yake yalikuwa ndani ya sanduku lisilofunguka.

Mkewe alikuwa kwenye semina, mji wa mbali, hadi wiki ijayo. Simu ya Masikio mwenyewe ilikuwa imeanguka ngazini mwezi uliopita na kioo cha kamera kikasagika, kwa hiyo haikuweza kumsomea kitu wala kumwonyesha rafiki. Nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu, mama mkwe, aliyekuja kutibiwa goti.

Mama mkwe ndiye aliyesema mbele ya ndugu, miaka mitano nyuma, "Binti yangu anaolewa awe mke au awe fimbo?" Tangu hapo waliishi kwa salamu. Shikamoo mama, marahaba baba, basi, kila mtu upande wake.

Mama huyo alimkuta Masikio ameketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Umeanguka, baba?"

"Hapana, mama."

"Sasa chini unatafuta nini?"

Alitaka kusema hakuna kitu. Badala yake akamweleza yote, hadi kurasa themanini na sita. Mama mkwe alikwenda kuvaa viatu.

"Mafundi hufunga mapema Jumamosi. Inuka."

Fundi alikuwa na kibanda chembamba kinachonuka risasi ya kulehemu. Aliiwasha mashine, akacheka puani.

"Mama, mwambie huyu kwamba hapa tunapiga windo, ile programu kuu ya mashine, upya. Dakika arobaini tu."

"Mwambie mwenyewe," alisema mama mkwe. "Masikio anayo."

"Na kazi zangu zilizomo?" aliuliza Masikio.

"Hizo zinaondoka. Lakini itakuwa nyepesi kama mpya!"

"Faili zangu hazijafutwa. Kilichofutwa ni kipande cha kuwashia, na kinaweza kutengenezwa upya bila kugusa kingine. Nakuomba, jaribu."

"Mzee, nina laptopu kumi na mbili hapa. Mambo ya kupapasa hayo siyawezi."

Walibishana, akaomba, akaomba tena mpaka akajisikia aibu mbele ya mama mkwe. Mwishowe fundi alimtupia flashi yenye windo ya kusakinisha. "Saa nane nafunga. Ukiharibu, usiniletee kilio."

Saa nne na nusu walikuwa mezani. Masikio aliiambia simu yake imtafutie maelekezo, akayasikiliza mara tatu hadi akayashika moyoni. Akachomeka flashi, akawasha, akabonyeza vitufe vya kuita sauti. Haikuja. Ndani ya flashi hapakuwa na kitu cha kuifanya spika iseme.

"Mama," alisema, na neno lenyewe lilimwia zito, "itabidi unisomee."

"Kizungu mimi sikukisoma."

"Soma kama kilivyoandikwa. Mimi nitajua."

Mama mkwe alivaa miwani, akavuta kiti. Miaka thelathini aliuza vitambaa kwa kupima. Namba hazikumpiga chenga. Maneno ndiyo yalikuwa vita. Aliyatamka kwa Kiswahili, silabi kwa silabi, na Masikio, ambaye kazi yake ilikuwa kuokota maneno kwenye vinywa vya watu wenye vikohozi, aliyageuza kichwani na kuchapa amri inayofuata.

"Sasa nisomee orodha ya diski na ukubwa wake, pole pole. Tukikosea diski tumekwisha."

"Sifuri, mia mbili thelathini na nane. Moja, kumi na nne."

"Una hakika?"

"Mkwe, nimekwambia mia mbili thelathini na nane. Unataka nikupimie kwa mkono?"

Akachagua sifuri. Akatengeneza kipande kipya cha megabaiti mia kwenye nafasi iliyoachwa wazi, akifuta na kuandika upya neno moja mara nne. Akabonyeza. Mama mkwe akasogea karibu na kioo.

"Disi-ka-pa-ti... su-ke-si-fu-li."

Ilikuwa imekubali. Akakiandaa kile kipande, akakipa herufi ya kukitambulisha, na mama mkwe akamsomea orodha ndefu ya vipande na herufi zake. Kisha akachapa amri ya mwisho, ile ya kunakili faili za kuwashia kutoka kwenye windo yake. Maelekezo yalisema windo iko kwenye kipande cha herufi C. Akabonyeza.

"Fa-i-lu-re," alisoma mama mkwe. "Hii nayo ni ya kheri?"

Ilikuwa imeshindwa. Alichapa tena, ikawa ile ile. Mara ya tatu, ile ile. Aliweka paji la uso juu ya meza. Pengine jana hakufuta kipande kimoja tu. Pengine leo amejenga juu ya faili zenyewe. Aliwaza atakavyosimama mbele ya karani mikono mitupu, na karani atakavyosema polepole, kwa huruma mbaya kuliko tusi, kwamba walijua tangu mwanzo kazi hii si ya mtu wa namna yake. Machozi yalimtoka mbele ya mama mkwe, na hakuwa na nguvu za kuyaficha.

"Nimeiua, mama. Rudisha flashi ya watu."

Kiti kililia. Masikio alidhani mama mkwe anaondoka.

"Ngoja kwanza," alisema mama mkwe. "Hii C unayoiandika si ile ya kumi na nne?"

"Ipi?"

"Kwenye orodha ile ndefu. C ina kumi na nne. Yenye mia mbili na kitu ni D. Wewe kila mara unaandika C. Sasa mzigo uko chumba kile, wewe unagonga hiki."

Masikio aliinua kichwa. Kumi na nne ilikuwa flashi. Mashine ikiwashwa kwa flashi, herufi huweza kubadilishana. Alilijua jambo hilo, aliwahi kulisikia, likamtoka kwa hofu. Akachapa D. Akabonyeza, akashika ukingo wa meza.

"Sijui hili," alisema mama mkwe. "Boti... fa-i-le-si... su-ke-si-fu-li cre... crea..."

"Inatosha, mama."

Alichomoa flashi, akawasha. Feni ikavuma. Zilipita sekunde ambazo hakuzihesabu, kisha sauti ya yule mwanamke ikafyatuka kama mtu aliyezuiwa kusema siku nzima.

"Mungu wangu!" Mama mkwe alirudi nyuma na kiti chake. "Huyu ndiye anayekusomea? Anakimbizwa na nani?"

Masikio alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. Alifungua faili. Ukurasa wa themanini na sita ulikuwepo, hadi sentensi aliyoiacha. Kabla ya saa sita alinakili kila kitu kwenye simu mara mbili huku mama mkwe akipeleka flashi kwa fundi, akichechemea na goti lake.

Jumapili alichapa kutwa. Mama mkwe aliketi upande wa pili wa meza, akisikiliza mjane akitaja mipaka yake, na mara mbili aliguna, "Hao mashemeji waongo." Jumatatu walifika barazani saa tatu na dakika ishirini. Karani aliipokea kazi, akailalamikia saa, akatazama nyuma ya bega la Masikio.

"Na huyu mama ni nani?"

"Mama yangu," alisema Masikio.

Mama mkwe hakusahihisha. Aliuliza tu kama pana mahali pa kukaa, goti linamuuma.