Maua Yaliyofugwa Kama Ng'ombe

"Guku, huyu ni yule yule, au ni mtoto wake?"

Precious aliuliza hivyo akiwa darasa la pili, amechuchumaa mbele ya mche uliopandwa kwenye ndoo iliyotoboka. Babu yake, mzee Nyanda wa Ngulyati, alisogea karibu. Akautazama mche, akalitazama shimo la mti mkubwa uliooza mizizi, kisha akavua kofia na kujikuna kichwa mpaka mjukuu naye akaanza kujikuna.

"Nenda kawape ndama maji," akasema.

Ndama walikuwa wameshakunywa. Walikuwa wanacheua.

Si kwamba Nyanda alikuwa mtu wa kukosa majibu. Alizaliwa ubavuni mwa zizi, na kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kumwangalia fahali wa jirani na kusema ndama zake watatoka na mapaja gani. Alipokuwa mtu mzima akawa mpima pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika. Hapo alikaa miaka na miaka, akisogeza jiwe la mizani huku wakulima wamemkodolea macho. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao na mizani yao, na chama kikafunga milango. Nyanda akarudi nyumbani na koti la kazi na muda mwingi kupita kiasi.

Muda ule wote akaupeleka kwenye maua.

Maua yenyewe ni yale makubwa yanayoning'inia yakitazama chini, marefu kama tarumbeta, yenye harufu inayoamka jua likikaribia kuzama. Watu wa Ngulyati waliyaita matarumbeta tu. Mti wake wa kwanza, mweupe, ulitokana na mbegu alizopewa zamani na Sista Eufrasia wa misheni, mbegu nyepesi kama vipande vya magome. Wa pili, wa waridi, aliuona Mwanza kwa mama mmoja aliyekuwa anauza mitumba na miche pamoja. Akaurudisha nyumbani juu ya mapaja, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia.

Sista Eufrasia ndiye aliyemfumbua macho. Siku moja alipita kumsalimia, akapasua ua moja katikati na kumwonyesha.

"Unaona, Nyanda? Huu unga wa njano ni wa kiume. Na hiki kijiti kirefu cha katikati ni cha kike. Mweupe wako hazai kwa sababu yuko peke yake, hajitungishi mwenyewe. Mpe unga wa huyu wa waridi. Halafu nawa mikono, mti huu ni sumu mwanzo mwisho."

Nyanda alisikia "kiume" na "kike". Mengine yote yalipita pembeni. Moyoni mwake jambo lilikuwa limeshakamilika: hawa ni ng'ombe!

Kuanzia siku hiyo mti mweupe akawa jike na wa waridi akawa fahali. Nyanda alichukua unyoya wa kuku, akauchovya kwenye unga wa fahali, akaupitisha kwenye ua la jike, kisha akalifunga ua kwa uzi ili nyuki asilete unga wa kwingine. Mbegu zikakomaa, akazipanda, akasubiri misimu. Ndama walitoka weupe, weupe, waridi hafifu, mweupe mwenye madoa. Na mmoja, jamani, mmoja alitoka rangi ya papai lililoiva, koo la njano, na ua refu kuliko mkono wa mtoto. Nyanda akampa jina la bibi yake mzaa baba: Nyanjige.

Watu walicheka, lakini walikuja kumwangalia.

Kwandu, mke wake, hakuja kumwangalia kwa kuwa alikuwa anampita kila siku akienda kisimani. Maua yale yalikuwa yamekalia kipande cha ardhi kilicho karibu na kisima, penye udongo mweusi ambao hata kiangazi unabaki na unyevu. Kwandu alikitaka kile kipande kwa vitunguu.

"Baba Constantine," alimwambia, "pamba imelala, mshahara hakuna, na wewe udongo mzuri kuliko wote umewapa viumbe ambao hawakamuliwi, hawachinjwi, hawalimi."

"Wanapendeza."

"Hata mimi nilipendeza, mbona hukuninunulia kopo?"

Mambo yakawa mabaya zaidi pale mbuzi wa jirani yao Sayi alipopenya uzio na kutafuna majani. Mbuzi alizunguka mtaa mzima ameinua kichwa, anapiga pembe vitu ambavyo havipo. Kesho yake alipona, lakini Sayi alikuwa ameshasema maneno yake kisimani, mbele ya kina mama wote: "Kwa Nyanda kuna dawa. Mbuzi wangu ameona wafu."

Hapo ndipo alipotokea Lukresia. Huyu mama alikuwa anajenga gesti Bariadi mjini, maana miaka ile kila aliyekuwa na kitu kidogo alikuwa anajenga kitu kikubwa. Alifika Ngulyati kutafuta kuku. Jua lilikuwa linashuka, harufu ikaamka, akasimama kuku wawili wakiwa mkononi, vichwa chini.

"Mwadila, baba," akamsalimia. "Hii harufu ni ya nini?"

"Mwadila, mayu. Ni huyu binti yangu."

Lukresia akazunguka mti mara mbili. Akasema anataka miti ya kupanga kando ya ukuta mzima wa gesti, kuanzia getini mpaka jikoni. "Lakini kama huyu. Sitaki ndugu zake."

Kwandu alikuwa anachambua mchele mlangoni, akasikia kila neno. Mgeni alipoondoka, aliweka ungo chini.

"Sawa. Mpatie. Mvua za vuli zikianza, ukiwa na mwingine kama huyu, hata mmoja tu, sitatia jembe pale maisha yangu yote. Ukiwa huna, nalima vitunguu, na Nyanjige wako atakuwa kuni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Nyanda akajibu, akiwa na uhakika wa mtu aliyekulia zizini. Fahali mzuri, jike mzuri, ndama mzuri. Tatizo liko wapi?

Alimpandisha Nyanjige kwa unga aliouomba kwenye mti mweupe wa misheni, akauhesabu mti huo kuwa fahali. Alipanda mbegu, akamwagilia, akangoja vuli ya kwanza ipite kwa kuomba nyongeza ya mwaka, na Kwandu akakubali kwa kununa. Miche ikakua, ikachanua. Ua la kwanza jeupe. La pili la njano iliyochoka, kama soksi. La tatu lilikuwa dogo, limejikunja, rangi yake haina jina. Nyanda alikwenda kwa Nyanjige akamwangalia kama mtu aliyedanganywa na binti yake.

Alimwita kaka yake Shija kutoka Migato, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi.

"Dume jingine limeingia," Shija akasema bila hata kukaa.

"Nilifunga kila ua kwa uzi."

"Basi uzi ulilegea. Mimi mwaka ule nilioleta ng'ombe malishoni hapa kwako nilifunga zizi kwa miba, na bado mtamba wangu akazaa ndama wa Sayi."

"Sayi ana fahali. Hana maua."

"Una uhakika?"

Nyanda hakuwa na uhakika wa chochote tena. Alitembea vichaka vyote vya jirani akitafuta tarumbeta lililojificha. Hakuna. Akachana chandarua cha zamani, akawavika maua mifuko. Jioni alikaa na tawi mkononi kufukuza nondo, na kina mama waliotoka kisimani wakawa wanapunguza mwendo ili wamwone vizuri.

"Mama Constantine," mmoja akamwuliza Kwandu, "mumeo anafanya nini pale?"

"Analinda ndoa."

Akajaribu kumrudisha Nyanjige kwa baba yake, yule wa waridi, ingawa kwa ng'ombe asingethubutu. Zikatoka sura nyingine kabisa. Shija akamkumbusha habari za ng'ombe chotara wa maziwa walioletwa na bwana mifugo: mama anajaza ndoo, ndama zake hamjui watakuwa nani. "Labda binti yako ni chotara," akasema. Nyanda akauliza, sasa wenye chotara wanafanyaje? Shija akafikiri. "Wanalalamika," akasema.

Kipande cha kisimani kikajaa ndama wasiofanana na mama yao. Nyanda hakuthubutu kuwang'oa, maana ndama mbaya naye ni ndama. Usingizi ukampungua. Chakula alikisogeza tu kwenye sahani. Aliona mawingu yanajikusanya upande wa Meatu, akajua jembe linanolewa.

Matone ya kwanza ya vuli yalipoanguka, mbuzi wa Sayi walipenya tena. Kwandu alitoka na panga. Nyanda alikuwa zizini, akasikia mlio wa panga kwenye mti, akakimbia, akakuta tawi la Nyanjige, nene kama mkono, liko chini.

"Umemkata mguu!"

"Nimekata kitu cha kuzibia pengo. Unataka mbuzi waingie wafe, tufukuzwe kijijini? Mti mzima nitaukata wiki ijayo. Leo nimechoka."

Akalichomeka tawi kwenye pengo la uzio, akalishindilia kwa kisigino, akaenda zake. Mvua ikanyesha siku ile na zilizofuata. Wiki ile Kwandu akashikwa na homa, vitunguu vikasubiri. Alipopona, mbegu zilikuwa zimepanda bei dukani, akaahirisha kwa hasira, akaapa kwamba masika hayatamkuta Nyanjige amesimama.

Tawi likatoa majani. Nyanda aliyaona, akayapuuza. Hata mkia wa mjusi uliokatika huchezacheza kidogo kabla haujajua kwamba umekufa. Lakini majani yakazidi. Halafu jioni moja, siku chache tu kabla ya kulima, alikuwa anarudisha ng'ombe, harufu ikamjia kutoka upande usio wake. Akageuka. Pale kwenye pengo, juu ya tawi lililoshindiliwa kwa kisigino, lilikuwa linaning'inia ua. Rangi ya papai. Koo la njano.

Aliacha ng'ombe wajiingize wenyewe. Akaenda kwa Nyanjige, akarudi kwenye uzio. Akaenda tena.

"Mama Constantine! Njoo! Nani amempandisha huyu?"

Kwandu akaja akifuta mikono kwenye kanga. Akatazama. Akalitikisa tawi, halikung'oka.

"Nimempandisha mimi," akasema. "Kwa panga."

"Usinitanie. Ukikata mguu wa ng'ombe ukauchomeka ardhini, unapata ng'ombe?"

"Ng'ombe, hapana. Kwani hii minyaa inayozunguka mji wako uliipataje? Ilizaa?"

Nyanda aligeuza macho kwenye uzio. Minyaa ile aliichomeka mwenyewe mwaka aliomwoa Kwandu, fimbo baada ya fimbo, kama baba yake alivyochomeka, na kila fimbo ikawa mti. Hakuna mtu Ngulyati ambaye hajafanya kazi hiyo. Mtoto anaijua.

"Lakini huyu ana kike na kiume," akasema polepole.

"Ni mti, baba Constantine. Nani alikuambia ni ng'ombe?"

Kwandu alikuwa mtu wa ahadi. Aliagana na kipande cha kisimani siku ile ile, akaenda kulima vitunguu kwenye mteremko, ambako vilitoka vidogo na vikali, naye akawa anampikia mumewe vitunguu hivyo kwa makusudi. Lukresia alipata ukuta wake wa maua, kuanzia getini mpaka jikoni, wote rangi moja, na wageni wa gesti wakawa wanauliza.

Ungetegemea Nyanda atulie. Alikuwa ameshinda. Lakini alitembea nyumbani kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Zizini mambo yalikuwa na mama na ndama, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Sasa Nyanjige alikuwa kisimani, na kwenye uzio, na kwenye ukuta wa mjini. Alikuwa anamwita yupi?

Halafu zikaja zile mvua kubwa zilizokataa kukoma, mwaka ambao mito ilisahau kingo zake. Kisima kilifurika, na Nyanjige, mama yao wote, akasimama kwenye maji mpaka mizizi ikaoza. Shija alivuka matope kutoka Migato kuja kumwona ndugu yake.

"Pole kwa msiba."

"Sijui kama ni msiba," Nyanda akasema. "Kule kwenye uzio amechanua."

Ni asubuhi iliyofuata ambapo Precious alichuchumaa mbele ya ndoo iliyochomekwa kijiti kilichokatwa kwenye uzio na kuuliza swali lake, na babu akamtuma kwa ndama waliokuwa wameshiba maji.

Miaka ikapita, Precious akaingia sekondari, akafika kidato cha tatu. Mwaka huo ulikuwa wa ukame. Pamba ilikaukia shambani, ng'ombe wakauzwa wamekonda, kisima kikabaki na tope chini. Nyanda, mgongo umepinda, alikuwa anapokea zamu yake ya maji, anabeba kikopo kimoja kimoja kutoka mti mpaka mti. Precious akachukua ndoo ili amsaidie, akamwaga maji mengi kwenye mti wa kwanza, kwa haraka ya vijana.

Babu akamzuia mkono. Akaitazama miti, mmoja mmoja, yote rangi ya papai, yote imelegea majani.

"Uliwahi kuniuliza," akasema. "Ni yule yule, mjukuu wangu. Ila kila mmoja ana kiu yake."