Kibibi wa Kushoto Kwenye Mchoro

Kaka yangu hakunituma Birmingham kutembea, ingawa ndivyo tulivyotangaza mtaani Tanga. Alinituma nikamchunguze Zuhura, binti ambaye mwanawe Salim alitaka kumwoa. Nikirudisha jibu zuri, posa inapelekwa. Nikikunja uso, basi. Kazi hiyo naijua. Nimeshawachunguza mabibi harusi watatu wa ukoo wetu, na mmoja wao hanisalimii mpaka leo.

Asubuhi nilishuka kwenye basi la kutoka Londoni, pale kituo cha Digbeth, Birmingham, koti la kuazima mwilini na meno yakigongana. Salim alinipokea.

"Shangazi, nampenda kwelikweli," alisema, kabla hata hajauliza hali za nyumbani.

Nikamwambia abebe begi.

Mchana tukawa mtaa wa Saltley, nyumbani kwa kina Zuhura. Mama yake, Mzanzibari mcheshi, alinipakulia biriani. "Kapika Zuhura huyo," akasema. Binti kainamisha macho, ushungi umemshuka hadi kwenye nyusi, kila ninachouliza ni "ndiyo, anti." Nami nikashikilia kwamba nimekuja kutembea na kununua mablanketi ya kupeleka nyumbani tu. Nilipokwenda kunawa, nilipitisha kidole juu ya kabati. Halikuwa na vumbi. Ila yule binti alinitia mashaka, mpole kupita kiasi, kama hana lake moyoni. Nikasema moyoni, Salim wetu ataoa ukuta. Uso ulishaanza kukunjika.

Siku ya pili Zuhura alinipeleka kwenye jumba la makumbusho anakofanya kazi ya kuwatembeza wageni. Tulisimama mbele ya mchoro mdogo mweusi wa mchoraji Mhispania wa zamani, uliochapwa kwa bamba la shaba. Kijana anamwinamia binti kwa adabu nyingi, binti kajificha uso kwa upepeo wa mkononi. Nyuma yao vibibi wawili wananong'onezana, tasbihi mkononi.

Hapo Zuhura alibadilika, macho yakamng'aa. "Hapa kila mtu muongo, anti. Huyu anajifanya mwema, huyu anajifanya haoni, na hawa vibibi eti wanasali. Mchoraji anawacheka wote."

Nilimtazama kibibi wa kushoto. Shingo kaivuta, jicho kalikodoa. Nilijiona mimi mwenyewe. Nikacheka mpaka mlinzi akasogea.

"Yule ni mimi," nikamwambia. "Sikufuata mablanketi. Nimekuja kukuchunguza."

"Tunajua. Mama kafuta juu ya kabati mara mbili, alisema lazima utagusa." Akaanza kucheka na yeye. "Na biriani ni lake. Mimi najua mayai tu."

"Salim anajua hilo?"

"Salim ndiye anayenipikia."

Moyo wangu ulifurahi kuliko nilivyotarajia. Miaka yote hiyo nilikuwa nachungulia makabati, kumbe ningeuliza tu.

Siku ya kurudi, nikiwa Digbeth nasubiri basi, kaka alipiga simu. "Enhe, binti vipi?"

"Kupika hajui, mdomo anao, na amenicheka mbele ya watu."

"Sasa?"

"Peleka posa upesi, kaka, kabla wao hawajatuma mtu kutuchunguza sisi."