Chungu Kilichokula Mbegu

Mkiniona mnacheka. Chekeni! Lakini kiganja hiki chekundu mnakiona kwa macho yenu. Njoo karibu, hapa kwetu Kulesa kando ya mto, ukiguse, kisha ndiyo uniite mwongo.

Kulikuwa na mama mmoja Mtaliano, alikaa kijiji cha Hewani akitazama tumbili msituni, mimi namchotea maji. Siku ya kurudi kwao akaniachia chungu. Akasema ni cha Waetruski, watu wa kale wa nchi yake, babu yake alikitoa kaburini. Kizuri, haki ya Mungu! Kimechorwa wanyama wamepanga foleni kukizunguka: simba, paa, bata bukini, wote wembamba kama mimi wakati wa njaa.

Mwenye akili angekiweka mezani. Mimi nikatia mahindi ya mbegu, nikachanganya na majivu kama tunavyofanya, nikafunika, nikangoja mto ushuke utuachie tope la kupanda.

Mto ukashuka. Nikafunua. Majivu matupu!

"Baba Komora, umeuza mbegu ukanywa mnazi," mke wangu akasema.

"Mama Komora, nizikwe hai kama nimeuza!"

"Basi nani amekula? Chungu?"

Kuangalia ubavuni mwa chungu, bata ana tumbo kama pipa! Paa naye kanenepa, hata foleni haimtoshi. Wewe ungesema nini?

Nikaomba mbegu nyingine kwa dada yangu, nikatia mle mle, nikaacha wazi, nikajibanza mlangoni nimshike mwizi. Jua lazama, nasikia kwa, kwa, kwa. Bata katoka! Mwekundu, bapa kama chapati, kichwa chunguni, anamalizia mbegu yangu. Nikamrukia, nikamshika mkia. Tukavutana mpaka paa la nyumba likahama! Akachomoka, akarudi foleni, mimi nikabaki na rangi mkononi.

Nimesugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa jiwe. Haitoki. Mama Komora anauliza, "Hiyo hina kakupaka nani?" Nikimwonyesha bata asiye na mkia, anasema hajawahi kuwa nao. Ninyi, mtu afanye nini?

Tope likakauka bila kupandwa. Wenzangu wanachoma mahindi, mimi nanusa moshi.

Kwa hiyo wewe, ukipewa chungu cha watu, usitie kitu kabla hujajua wanyama wake wana njaa ya tangu lini.

Majirani wanasema nikivunje. Rahisi kwao! Bata ameshiba, paa ameshiba. Simba hali mahindi, bado mwembamba vile vile. Nikivunja, unadhani ataanza na nani?