Hodi ya Zamani

Wifi yangu alikuwa mfumaji, tukimwita Mama Nyuzi. Nyumbani kwake ndiko sisi waumini tulikokutana kwa siri, enzi zile mtawala alipotaka kila mtu afukize ubani mbele ya sanamu yake. Kitanda cha kufumia kilikula nusu ya chumba. Nusu iliyobaki tulijibana sisi, magoti kwa magoti, vumbi la sufu likitutekenya pua. Aliyepiga chafya katikati ya sala alitazamwa vibaya, na mara nyingi aliyetazamwa nilikuwa mimi.

Hakufunguliwa mtu asiyebisha hodi yetu: mbili za haraka, kimya, kisha moja nzito. Kaka yangu, mumewe, ndiye aliyeitunga kwa mdundo wa kufuma. Mtoto wao wa pekee aliijua kabla hajajua kutembea vizuri.

Mtoto huyohuyo, alipokuwa kijana, aliwaleta askari. Alibisha mbili, akanyamaza, akabisha moja, na mama yake akafungua huku anatabasamu. Wakamchukua kaka yangu. Baadaye tukaletewa habari kwamba amefia gerezani. Kijana akatoweka.

Tulipokutana tena, msomaji wetu alitusomea ule unabii wa siku za dhiki, kwamba mtoto atamtoa mzazi wake auawe. Akalikunja gombo kama hakimu aliyemaliza kesi.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Limeandikwa, limetimia. Tubadilishe hodi."

"Badilisheni huko kwenu," wifi akasema. "Hapa haibadiliki. Mwanangu akirudi, hiyo mpya ataijulia wapi?"

"Mama, huyo atatumaliza!"

"Imeandikwa atamtoa baba yake. Haya, nionyeshe palipoandikwa kwamba hatarudi."

Msomaji akalikunjua gombo tena, akaanza kutafuta.

"Mtoto akikunyea mkononi," wifi akaongeza, "mkono unaukata?"

Ibada ikahamia kwa mfinyanzi. Mimi nilimkasirikia wifi, sifichi. Aliyekufa alikuwa kaka yangu. Lakini niliendelea kwenda kumsaidia kazi, maana ukimsusa wifi, kaka utamzungumzia na nani? Wateja walianza kulalamika kwamba nguo zake zimelegea hapa, zimekaza pale. Mimi nilijua sababu. Kila penye kasoro ndipo aliposimamisha mkono kusikiliza mlango. Alitamani kumsikia mwanawe, hata kikohozi chake tu. Kila siku aliweka kipande cha mkate pembeni, na kila siku kilikauka, tukakila sisi.

Alasiri moja mlango ukagongwa. Mbili. Kimya. Moja, dhaifu.

Nikamshika nguo. "Wifi, usifungue! Ni askari hao."

"Kama ni askari, wametoka kwake. Niache."

Akafungua. Mwanawe alisimama peke yake, amebaki mifupa, viatu vimekatika kamba. Matusi niliyomwekea miaka yote yalikuwa tayari mdomoni. Hakututazama. Alichungulia nyuma ya mama yake, kwenye benchi alikozoea kukaa kaka yangu.

"Mama, baba yupo? Waliniambia watamuuliza maswali tu, jioni watamwachia. Niliona aibu kurudi."

Wifi akamshika mkono. Akanigeukia mimi.

Nikameza matusi yangu. Nikakaa mwisho wa benchi, nikamwachia mahali pa kaka yangu.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," nikamwambia. "Nitakueleza mimi."