Kumtafutia Mama Mkwe Hoteli

Mtu ukiwa peke yako, kuchagua hoteli si kazi. Unafuata pua. Ukiwa na mke, unafuata macho yake yanakotazama. Lakini ukitoka na mama mkwe, bwana wee, pua haikusaidii. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, na mama mkwe hali mbele ya mkwe. Bora anikute navua shati kuliko anikute natafuna. Hata kuzungumza, hatuzungumzi uso kwa uso. Mke wangu hukaa katikati, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa sote tuna masikio.

Mwaka juzi nilimaliza kipande, zile siku thelathini za kazi, kwenye shamba la mkonge, huku kwetu Kibaha, nikapata likizo ya wiki moja. Mke wangu nilikuwa nimemwoa tangu mavuno, ila alikuwa bado kwa mama yake, Dutumi. Kila nikituma mtu aniombee nimchukue tukakae kambini, jibu lilikuwa lile lile: "Kambini kuna nini? Mwanangu atakula katani?" Nyumba yangu ikoje, hata kusikia hakutaka. Nikasema basi, likizo hii namtembeza mke wangu Kisarawe, namlisha hotelini, akirudi amsimulie mama yake kwamba kaolewa na mtu anayejua chakula kizuri kiko wapi.

Mama yake akajifunga khanga kiunoni. "Mwambie mwenzio," akamwambia mwanawe, nami nimesimama palepale, "kwamba nami naja. Nikakione hicho chakula."

Tukapanda treni Ruvu, wao behewa lao na mimi langu. Tukashuka Pugu, tukaanza kupanda mlima kwa miguu kupitia msituni. Tangu alfajiri nilikuwa sijatia kitu mdomoni, kwa hiyo nikajichelewesha nyuma, nikajifanya natoa mwiba, kumbe natoa muhogo mbichi mfukoni. Wao wakipinda kona, mimi natafuna. Wakisimama, nanyamaza, shavu limevimba kama mtu anayeumwa jino.

Nilikuwa nimemwapia mke wangu kwamba Kisarawe naijua yote. Kusema kweli nilikuwa nimefika mara moja tu, tena msibani, na chakula nilikula matangani. Lakini mwanamume hatembei na mama mkwe huku anauliza njia. Nikatangulia kama mwenye mji.

Hoteli ya kwanza ilikuwa chini kidogo ya boma. Imepakwa chokaa, ina viti vya kuegemea, santuri inaimba ndani. Mlangoni kalala paka, mnene kama mto wa usufi.

"Muulize mwenzio," mama mkwe akasema, "yule paka analishwa na nani?"

"Mwambie mama analishwa na mwenye hoteli."

"Mwambie hapana. Paka wa hoteli akinenepa vile, ujue samaki wa humo watu hawamli."

Mke wangu akatutazama wote wawili. "Jamani, mimi nimekuwa simu ya stesheni?"

Ya pili ilijaa watu, na harufu ya pilau ilinifanya nimeze mate kwa sauti. Lakini ndani kulikuwa na chumba kimoja tu, na mabenchi yake yanatazamana. Ningekaa mle, mama mkwe angenihesabu meno. Alijivutia khanga usoni akapita kama anapita makaburini.

Jua likawa kali. Mama mkwe akaketi kwenye kivuli cha duka la Mhindi, akanyoosha miguu. "Mwambie mwenzio," akasema polepole, "kama hoteli za Kisarawe zimekwisha, turudi. Nyumbani kuna ugali wa bada na kisamvu."

Hapo utani ukanitoka. Mama huyu akirudi Dutumi na njaa yake, mke wangu ataotea mvi jikoni kwa mama yake, nami nitaendelea kujipikia ugali wenye madonge. Nikawaambia wanisubiri kidogo.

Nikaacha kutazama viti. Nikatazama wanaotoka. Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha makuti kinachofuka moshi, na mzee mmoja alikuwa anatoka humo amevaa kanzu, anachokonoa meno kwa raha, wala hana haraka ya kwenda popote. Nikaingia. Mwenye hoteli alikuwa mama wa makamo, mnene, mwiko mkononi.

"Shikamoo mama. Hapa wanawake wanakula wapi?"

"Marahaba. Uani."

"Na wanaume?"

"Barazani."

"Na katikati?"

"Katikati kuna ukuta wa makuti. Kwani wewe umekuja kula au umekuja kununua nyumba?"

Nikawaleta mbio. Nikamwachia mke wangu aagize, nami nikaketi barazani nimenawa, nasikia uani sufuria inafunuliwa. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki. Nikajisifu kimoyomoyo. Nilijisifu mapema mno, maana mwenye hoteli alitokeza kichwa. "Wewe bwana! Ninyi si watu wa nyumba moja? Sinia lenu ni moja. Njoo, wali unapoa!" Akanishika mkono akaniburuta hadi uani.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, khanga imeshuka hadi kidevuni, mkono haujagusa wali. Mke wangu katoa macho. Nikiketi, nimemvunjia heshima mama. Nikitoka, nimemwaibisha mwenye wali. Nikasema la kwanza lililonijia.

"Waache wao wale, mama. Mimi leo nimefunga."

"Umefunga?" mwenye hoteli akapiga kofi. "Na huo muhogo uliokukwama kwenye meno umefunga nao?"

Ardhi haikunimeza, ingawa niliiomba. Kisha ile khanga ikaanza kutikisika, mabega yakafuata, na sauti ikatoka ndani yake:

"Mwambie mwenzio, tangu Pugu nasikia kitu kinatafuna nyuma yangu. Nikadhani ngedere."

Mke wangu hakuweza kunifikishia. Alikuwa kalala kwenye mkeka kwa kicheko.

"Mpakulie yake," mama mkwe akamwambia mwenye hoteli. "Mpe barazani. Yule ni mkwe wangu."

"Mkwe! Si mngesema?"

Nikala upande wangu wa makuti, nimewapa mgongo, taratibu kama mgonjwa. Upande wa pili nilisikia vidole vikikomba sinia, halafu mama mkwe akasema, si kwangu, si kwa mtu, "Samaki huyu hajalala." Akanawa.

"Muulize mwenzio, huko kambini kwao, jiko liko ndani au nje?"

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikalimeza zima, machozi yakanitoka.

"Nje, mama. Na paa linalo."

Mke wangu hakurudia neno. Hakukuwa na haja.

"Na mafiga?"

"Nitatafuta mawe, mama."

"Mawe ya kuokota hupasuka na moto. Mwambie atachukua mafiga yangu ya udongo wa kichuguu, yote matatu. Ayabebe yeye mwenyewe."

Nikapiga hesabu ya njia, kutoka Dutumi hadi stesheni, na uzito wa figa moja. Kisha nikaomba niongezewe wali.